MITARO YA MAJI YA MVUA NI KAZI YA CHAMA



Wako wenzetu wanaouliza kwa nini Chama cha wafanya kazi kijitie katika habari ya mitaro. Wanasema kazi ya Chama ni mishahara, saa za kazi, likizo na malipo ya uzeeni. Mitaro ni kazi ya Kaunti, na mvua ni kazi ya Mungu. Kwa heshima tunawajibu kwamba hawajafikiri mbali. Mfanya kazi wa kiwanda akiamka saa tisa ya usiku akute maji yamefika magotini, godoro limelowa, unga umeharibika na watoto wamesimama juu ya meza, huyo mshahara wake wa mwezi ule umekwisha kuliwa, hata kama karatasi ya mshahara inaonyesha tarakimu zile zile. Nyongeza tuliyoipigania miezi mizima huondoka usiku mmoja kwa godoro, unga na sare za shule. Na asubuhi akifika langoni saa tatu badala ya saa moja na nusu, kwa sababu njia imekuwa mto, nyapara hamwulizi habari ya mto. Humwambia arudi nyumbani, na siku ile imekwenda bure.

Basi kama hilo si jambo la mishahara, tunaomba tuelezwe jambo la mishahara ni lipi.

Tena wanaosema hivyo hawajui historia ya vyama vyetu. Marehemu Tom Mboya, kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi mwaka 1953, kazi yake ilikuwa ukaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Yaani alilipwa kutazama mitaro, vyoo na takataka. Wafanya kazi wa Baraza ndio aliowaunganisha kwanza. Mtu aliyetoka mtaroni ndiye aliyetufundisha kukaa mezani na waajiri, na leo sisi tunaona haya kuutaja mtaro mbele ya waajiri hao hao?

Sasa tutazame mambo yalivyo. Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli kwenye tambarare yenye kinamasi, na jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Waliochagua mahali pale walitaka ardhi sawa ya kuwekea mabehewa, hawakutafuta mahali pa kulala watoto. Baadaye wakubwa wenyewe walipanda vilimani upande wa magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu unaokunywa maji, na wafanya kazi wakaachiwa upande wa mashariki, penye udongo mweusi ule unaonasa miguu, ambao ukilowa huvimba na kukataa maji. Mwaka 1913 Profesa Simpson aliletwa kutazama afya ya miji yetu, akapendekeza watu wakae mbali mbali kwa rangi zao, eti kwa ajili ya afya. Ubaguzi wa rangi katika sheria umekwisha, lakini mteremko ungali pale pale. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong yote hutoka juu kwao ikaja chini kwetu. Maji hayahitaji kuandikiwa barua yajue nani anakaa chini.

Na huko juu mambo yamebadilika. Kilimani ya zamani ilikuwa nyumba moja katikati ya bustani kubwa. Leo ni maghorofa, na bustani imekuwa simiti na maegesho ya magari. Tufanye hesabu, maana mfanya kazi hadanganywi na hesabu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hektari moja ya ardhi, ni lita 500,000 za maji. Pakiwa na majani na miti, sehemu kubwa itazama ardhini polepole. Pakiwa na simiti, karibu yote yataondoka mara moja, na yataondoka kwa haraka. Mtaro uliochimbwa kwa ajili ya maji ya bustani sasa unatakiwa kubeba maji ya maghorofa ishirini. Hauwezi. Hata ungesafishwa kwa sabuni hauwezi.

Wala tusiwatazame wa Kilimani peke yao. Tazameni mapaa ya viwanda vyetu wenyewe. Paa la mabati la mita za mraba 2,000 si jambo kubwa katika eneo la viwanda. Liko la namna hiyo karibu kila njia. Mvua ile ile ya milimita 50 ikilipiga paa hilo, zinateremka lita 100,000. Zinakwenda wapi? Bomba linazitoa ukutani, zinaingia mtaro wa barabara, na kule mwisho wa mtaro, ukielekea Mto Ngong, ndipo wanapokaa watu wa Mukuru, ambao ndio wanaofanya kazi chini ya paa lile. Mchana mfanya kazi anamtengenezea mwajiri faida, na usiku mwajiri anampelekea maji ya paa chumbani. Lita 100,000 ni mitungi 5,000 ya lita 20. Mtaa ule ule unaozama kwa maji hununua maji kwa mtungi! Mwajiri akijenga tangi na shimo la kuyazuia maji yake, mtaro utapumua na kiwanda kitapata maji ya kuoshea mitambo bila kulipa. Kwa hivi tunasema waziwazi kwamba jambo hili litaingia katika mazungumzo ya Mkataba ujao, pamoja na gambuti na makoti ya mvua. Wakuu wa viwanda wasishangae watakapolikuta kwenye karatasi.

Tuje kwa Kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeandika kazi za serikali za kaunti, na miongoni mwake imo kazi ya kuendesha mifumo ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa. Haikusema zikipenda wala zikipata nafasi. Lakini wajumbe wetu walipokwenda kuuliza juu ya mtaro mmoja tu, mmoja, uliojaa mchanga mpaka majani yameota juu yake, ofisi ya kwanza iliwaambia kwamba ule ni mtaro wa barabara, na barabara ni ya mamlaka nyingine. Ofisi ya pili ikasema barabara ni yao kweli, lakini mtaro ukivuka uzio wa mtaa si wao tena. Ofisi ya tatu ikasema kinachotiririka mle kinanuka, basi ni maji taka, waende kwa watu wa maji. Watu wa maji wakasema maji taka yao yamo ndani ya bomba, na yaliyo nje ya bomba ni ya mvua, basi warudi ofisi ya kwanza. Ndugu zetu walitumia siku mbili na nauli zao. Mtaro ungali umejaa mchanga.

Sisi hatuna haja ya kujua ni nani kati ya wakubwa hao mwenye haki. Wakae wao wenyewe mezani, watoe ramani moja inayoonyesha kila mtaro, mwanzo wake, mwisho wake na ofisi inayoujibia. Tunasema mwisho wake kwa makusudi. Mkandarasi hupewa kilometa mbili za barabara, naye huchimba mtaro kilometa mbili, na mkataba wake unapokwisha mtaro nao unakwisha, hapo hapo, mbele ya mlango wa mtu. Maji hayana mkataba. Yanaendelea na safari. Jambo jingine, barabara zetu zimeongezwa kifusi juu ya kifusi miaka na miaka mpaka zimekuwa juu kuliko nyumba. Ukitoka nje unapanda. Wenye barabara wanajisifu kwamba haishiki maji tena. Ni kweli haishiki, sisi ndio tunaoyashika.

Sasa kuna neno linalopendwa sana na wakubwa, nalo ni kwamba mitaro inaziba kwa takataka za wananchi. Tusikatae kila kitu. Mwenye kutupa makopo na matambara mtaroni anamtupia jirani yake, na mwenye duka aliyefunika mtaro kwa saruji ili apate kibaraza, bila kuacha mahali pa kuufungulia, ametuletea hasara, hata kama ni rafiki yetu na hutukopesha sukari. Wengine wameunganisha bomba la maji ya mvua ya paa na bomba la choo, na mvua ikija kinyesi hutoka kwenye menholi katikati ya uwanja wa watoto. Hayo tuambiane wenyewe kwa wenyewe, na makamati ya mitaa yawe wakali.

Lakini je, gari la takataka hupita mara ngapi huku kwetu? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na sisi tukabeba vikapu. Mitaro ilianza kupitisha maji? Nenda utazame kwa macho yako kilichomo ndani ya kalvati. Utakuta mchanga wa ujenzi wa maghorofa, kokoto za mkandarasi aliyeondoka bila kusafisha, na mabomba na nyaya za makampuni zilizopitishwa katikati ya kalvati, ambazo hunasa kila kitu kipitacho. Hizo nazo ni takataka za mama muuza mboga?

Neno la pili wanalolipenda ni kwamba watu wamejenga mtoni. Mwaka 2024, katika mvua za Machi hadi Mei, watu zaidi ya 200 walikufa katika Kenya nzima. Mwishoni mwa Aprili Mathare ilifunikwa usiku watu wakiwa usingizini. Mwezi wa Mei Serikali ikaamuru wote waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakafika Mathare na Mukuru. Shilingi 10,000 ziliahidiwa kwa kila jamaa. Hatubishi kwamba kando ya mto ni mahali pa hatari. Tunauliza tu: aliyelipwa kodi ya vyumba vile kila mwezi ni nani, na yeye alibomolewa nini? Na wapangaji waende wapi kwa shilingi 10,000, wakati kodi ya mwezi mmoja na amana haibakizi hata nauli ya kwenda kazini? Tangu Machi 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia moja na nusu kwa ajili ya nyumba, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Fedha hizo ni zetu. Kwa hivi tuna haki ya kusema kwamba nyumba zisijengwe mahali pasipo na mtaro wa kutosha, wala zisipeleke maji yake kwa majirani walio chini.

Ndugu, kuna jambo lililo karibu zaidi na kazi yetu, nalo ni nani anayezibua. Desturi ya mji huu ni kungoja mpaka mafuriko yawe katika magazeti. Ndipo vibarua huitwa, mvua ikinyesha, hupewa beleshi bila gambuti wala glavu, wakaingia ndani ya maji yenye chupa zilizovunjika na sindano. Wanatoa matope, wanayaweka ukingoni mwa mtaro, na hakuna gari la kuyachukua. Mvua ya usiku inayarudisha yote ndani. Hiyo ni kazi gani? Mwaka 2020 ulikuja mpango wa Kazi Mtaani, vijana wakasafisha mitaa na mitaro, na katika awamu ya pili walilipwa Shilingi 455 kwa siku. Malipo yalikuwa madogo, lakini kazi ilionekana. Mwaka 2022 mpango ukasimamishwa, na mchanga ukarudi kama kwamba ulikuwa ukingoja habari hiyo.

Mtaro ni kama mtambo wa kiwanda. Usipotiwa mafuta kila wakati utasimama siku unapouhitaji. Tunataka kila wadi iwe na genge lake la kudumu la mitaro, watu walioandikwa kazi kwa barua, wenye likizo, sare, gambuti, dawa ya pepopunda na gari la kuchukulia matope. Genge hilo limalize mitaro yote kabla ya Machi, mvua za masika hazijaingia, na lirudie tena kabla ya Oktoba. Wenzetu wa chama cha wafanya kazi wa kaunti wanajua kazi hii kuliko mtu yeyote, na wanastahili kuulizwa kwanza kabla ya mshauri kutoka ng'ambo kulipwa aandike ripoti nyingine. Mukuru iliwekwa chini ya mpango wa pekee tangu Agosti 2017, na wakazi wenyewe walishiriki kupanga habari za maji, njia na mitaro. Karatasi zipo. Kilichobaki ni beleshi.

Halmashauri ya Chama imekwisha andika madai mawili. La kwanza ni ombi kwa Bunge la Kaunti, ambalo kila mtu ana haki ya kulipeleka chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. La pili ni barua ya kutaka tuonyeshwe fedha zilizotengwa na zilizotumika kwa mitaro katika wadi zetu, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inampa ofisa siku 21 za kujibu. Tutazihesabu siku hizo, na majibu, au kutojibu, yatachapishwa katika kurasa hizi.

Karatasi za kutia sahihi ziko kwa makatibu wa matawi. Wapangaji wasio wanachama nao watie sahihi, kwa maana maji hayaulizi kadi. Kila tawi lichague watu wawili wa kutembea mitaro yote ya mtaa wake Jumapili, waandike mtaro uko wapi, umezibwa na nini, unaishia wapi, na nyumba ngapi huingia maji. Orodha zifike ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Walio na viatu vya mpira waviazime kwa wasio navyo.