Isiposaidia, Inadhuru

Kati ya kituo cha zamani cha teksi na soko la Owino jijini Kampala, dawa huuzwa kwa sauti kubwa kuliko bidhaa nyingine yoyote. Gari dogo limeegeshwa kando ya barabara, kipaza sauti kiko juu ya paa, na muuzaji ameshika chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa, sasa imejaa maji ya kahawia. Chupa ni moja, maradhi ni mengi: vidonda vya tumbo, presha, kisukari, uvimbe wa kizazi, mgongo, nguvu za kiume. Wanunuzi si wajinga. Wengi wao wakiulizwa watakiri kwamba hakuna kitu kimoja kinachoweza kutibu yote hayo. Pesa wanatoa hata hivyo, kwa sababu ya imani iliyoota mizizi kuanzia vichochoro vya Kikuubo hadi nyumba za wasomi wa Kololo: jaribu tu, isiposaidia haidhuru.

Imani hiyo ni ya uongo, na inaua watu.

Kampala ina sababu ya kulijua hilo kuliko miji mingi. Ni hapa, mwaka 1958, ambapo daktari wa upasuaji Denis Burkitt alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Mulago, saratani ambayo hadi leo dunia nzima inaiita kwa jina lake. Ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kupita zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini pia ni saratani inayoyeyuka kwa dawa za hospitali, jambo lililoonekana hapohapo Mulago miaka ya 1960, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa mwaka 1967 katika juhudi hizo. Sasa chukua mtoto aliyevimba taya, apakwe majani yaliyosagwa kwa wiki mbili kabla ya kupelekwa hospitali. Majani hayo huenda hayana hata chembe ya sumu. Kinachomuua ni zile wiki mbili.

Malaria ni hivyohivyo, ila yenyewe haingoji hata wiki. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto mwenye homa apimwe na kutibiwa ndani ya saa 24, kwa kuwa malaria kali inaweza kumgeuza mtoto anayecheza asubuhi akawa amepoteza fahamu kesho yake. Katika hesabu hiyo, usiku mmoja wa kusubiri kuona kama chupa itafanya kazi ni muda mrefu mno.

Na hiyo ni pale chupa inapokuwa haina kitu. Mara nyingi ina kitu. Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA, imetangaza zaidi ya mara moja kwamba dawa za miti shamba za nguvu za kiume zilizopimwa zilikutwa zimechanganywa na sildenafil, yaani kiini kilekile cha Viagra. Mteja aliyekimbia kemikali za duka la dawa amekunywa kemikali hizohizo, tena bila kipimo wala onyo. Kwa kijana mwenye afya pengine yataishia kwenye kichwa kuuma. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha ghafla hadi akafa, na nyumbani watasema ni moyo tu uliosimama.

Hata mmea usiochanganywa na chochote hauna ahadi ya usalama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake nchini Ubelgiji walipewa mitishamba ya kupunguza unene, ndani yake ukiwamo mmea wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Figo haina habari kama sumu imetoka kiwandani au shambani.

Kisa kinachostahili kukumbukwa zaidi, hata hivyo, ni cha dawa iliyotoka kiwandani. Inaitwa Miracle Mineral Solution, au MMS. Ni sodiamu kloraiti, ambayo ikichanganywa na asidi ya ndimu hutoa klorini dayoksaidi, kemikali ya kung'arisha nguo na karatasi viwandani. Mmarekani Jim Humble aliisambaza duniani kama tiba ya malaria, UKIMWI, saratani na karibu kila kitu kingine. Serikali ya Marekani iliwaonya raia wake mwaka 2010 kwamba kinywaji hicho husababisha kutapika, kuharisha na presha kushuka kwa hatari. Onyo hilo halikuwazuia waliokuwa na Uganda machoni. Desemba 2012 kemikali hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa malaria wilayani Luuka, kisha ikatolewa video ya kudai kwamba wote 154 walipona ndani ya siku mbili. Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu, lililohusishwa na jaribio hilo, likajitenga hadharani na madai hayo. Mei 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza likafichua mtandao nchini Uganda ulioongozwa na mchungaji Mmarekani, ambao kwa mujibu wa gazeti hilo ulikuwa umewafundisha makasisi wapatao 1,200 kugawa maji hayo makanisani, na huenda yalikuwa yamewafikia watu 50,000, watoto wachanga wakiwamo.

Hapo ndipo mtu anapopaswa kukasirika. Klorini dayoksaidi hushambulia chembe nyekundu za damu, na wanaodhurika zaidi ni watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo umeenea hasa katika nchi zenye malaria, Uganda ikiwamo. Kemikali ya kung'arishia nguo ililetwa kwa watu ambao damu yao ina ulinzi mdogo dhidi yake, ikapewa jina la muujiza, ikapitishiwa madhabahuni. Na kilichoifungulia mlango ni ile imani ileile: jaribu, haidhuru.

Ipo dawa moja iliyokaribia kustahili utetezi huo. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliitangaza Kemron, kiasi kidogo sana cha interferoni cha kunyonya mdomoni, kuwa tiba ya UKIMWI. Madaktari wa Kampala, Elly Katabira akiwa miongoni mwao, waliipima kwa wagonjwa zaidi ya 500. Nusu walipewa dawa, nusu wakapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa, na wala mgonjwa wala daktari hakujua nani kapata nini. Matokeo yalichapishwa 1998: hapakuwa na tofauti. Wakati Kemron inavuma, mgonjwa angeweza kusema kweli kwamba hakuna kingine cha kujaribu. Tangu 2004, serikali ya Uganda ilipoanza kugawa ARV bila malipo, neno hilo halisemeki tena. Anayeziacha ARV kwa ajili ya chupa ya barabarani anavipa virusi nafasi ya kurudi na nguvu mpya.

Watetezi watasema hospitali zina foleni, dawa huisha, na daktari hana muda wa kusikiliza kama mganga. Yote ni kweli. Watasema pia kwinini ilitoka kwenye gome la mti na artemisinini kwenye jani. Kweli vilevile, lakini zote mbili zilipimwa, na kipimo cha dozi kikajulikana. Wanaodhani kupima ni kumdharau mganga waitazame Kampala yenyewe. Maabara ya serikali ya dawa za asili ipo Wandegeya tangu 1964. Shirika la THETA, lililoanzishwa 1992, liliwakutanisha waganga na madaktari, na utafiti uliochapishwa 1999 ukaonyesha kwamba wagonjwa wa mkanda wa jeshi waliotibiwa na waganga walipona vizuri kama wale wa hospitali. Waganga wale walikubali kazi yao itazamwe na ihesabiwe. Muuzaji wa kipaza sauti hajakubali.

Covidex, dawa ya mitishamba iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara, ilionyesha mwaka 2021 jinsi umma unavyosikia nusu ya maneno. Mwishoni mwa Juni NDA iliruhusu iuzwe kama dawa ya kusaidia matibabu, ikisema wazi kwamba si tiba ya korona. Mitaani ikawa tiba, na bei ikapaa katika wiki zilezile ambazo watu walikuwa wakihangaika kutafuta oksijeni.

Kwa hiyo mzigo uwekwe kwa anayestahili kuubeba. NDA itangaze majina ya chupa zilizokutwa na sildenafil redioni na kwa Kiganda, kwa sauti inayolingana na ya wanaoziuza. Tume ya Mawasiliano ihoji kila redio inayokodisha saa nzima kwa mtabibu asiyeonyesha kibali cha tangazo lake. Jiji liondoe vipaza sauti vya dawa kwenye vituo vya teksi, kwa kuanzia na vile vinavyotaja saratani na UKIMWI. Na anayesema chupa yake haidhuru aulizwe, hapohapo barabarani, nani aliyeipima.