Kabambare: Polisi akitunzwa, raia atapumua

Mkubwa wa polisi anapimwa kwa nini? Wengi huhesabu vyeo. Jenerali Dieudonné Amuli Bahigwa aliongoza operesheni Kimia II huko Kivu mwaka 2009, kisha mwaka 2017 akawekwa kuwa kamishna mkuu wa Polisi ya Taifa ya Congo. Lakini kwa raia wa Kabambare, kipimo ni polisi wa chini anayesimama barabarani.

Sheria ya tarehe 1 Juni 2013 inampa polisi huyo haki ya mshahara na matibabu. Haki isipomfikia, njaa yake inaishia mfukoni mwa mama aliyekimbia vita Salamabila.

Kuna watakaosema: wakimbizi wenyewe hawana chakula, ya polisi ni ya nini? Ni kwa sababu bunduki zikilia usiku, wanamkimbilia yeye. Kenya, mwaka 2022, ilimpa jaji mkuu wa zamani David Maraga kazi ya kuchunguza hali ya maisha ya polisi wake.

Shida haimruhusu polisi kunyang'anya, anayenyang'anya aadhibiwe. Lakini mkubwa wake naye afike kambini aulize: mshahara umefika? Mnalala wapi? Nani mgonjwa? Jibu, raia wataliona barabarani.