MASHAURI YA NYUMBA: Gari Kuukuu Linalokula Oili

Mwezi huu mashauri yetu ni juu ya motokaa. Katika nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Kawe, mahali palipokuwa pakiegemezwa baiskeli sasa pamesimama gari. Mara nyingi gari hilo lilikwisha kutumika miaka mingi huko Japani kabla ya kupakiwa melini. Likafika hapa, likapewa joto letu, vumbi letu na foleni zetu. Kisha asubuhi moja mwenyewe achomoa kijiti cha kupimia oili, akiona kikavu. Hakuna tone chini ya gari, wala fundi hakuimwaga. Gari limeila.

Hapo ndipo mashauri huwa mengi. Muuza spea asema, weka oili nzito. Jirani asema, nunua dawa ya moshi. Fundi asema, fungua injini. Na baba wa nyumba ana fedha ya jambo moja tu, tena fedha hiyo hiyo yangojewa na ada ya shule. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa utaratibu. Neno letu ni hili: hakuna oili iponyayo chuma kilicholika, lakini oili iliyochaguliwa vema, pamoja na kupima kila juma, huweza kulipa gari kuukuu miaka mingine ya kazi.

OILI HUENDA WAPI?

Ndani ya injini mna pistoni zipandazo na kushuka katika silinda. Kila pistoni imevikwa ringi, na kazi ya ringi ya chini ni kukwangua oili iliyo ukutani mwa silinda na kuirudisha katika bakuli la chini, mafundi waliitalo sampo. Ringi zikilika, au zikigandamana kwa masizi kwa sababu oili haikubadilishwa kwa wakati wake, oili hubaki ukutani ikaungua pamoja na petroli. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Njia ya pili ni sili za valvu, zilizo za mpira. Mpira hukauka kwa miaka na kwa joto, na oili hupenya juu. Njia ya tatu ni kile kivalvu kidogo ambacho injini hupumulia. Kikiziba, pumzi ya injini huisukuma oili mahali pasipo pake. Njia ya nne si kuungua bali kuvuja.

Injini nyingine hazikuzeeka, bali zilitoka kiwandani na udhaifu huu. Toyota walitengeneza injini iitwayo 2AZ-FE, na baadhi yake katika magari ya miaka ya 2006 mpaka 2011 hivi zilijulikana kwa kula oili kwa ajili ya pistoni na ringi zake. Hata mwaka 2015 kampuni hiyo ilikubali huko Marekani kubadilisha sehemu hizo katika magari kadhaa kwa gharama yake. Injini ya jina hilo hupatikana pia katika Harrier na Alphard zitokazo Japani. Kwa hiyo anunuaye gari kuukuu aulize jina la injini, wala asiridhike na rangi ya bodi.

Macho yaweza kukuonyesha njia ipi imefunguka. Tandika boksi safi chini ya injini usiku; likiwa na madoa asubuhi, gari linavuja, na gasketi au sili ya nje ndiyo ya kutazamwa kwanza. Moshi wa buluu utokao asubuhi gari linapowashwa, kisha ukatoweka, mara nyingi ni wa sili za valvu. Moshi wa buluu utokao ukikanyaga mafuta barabarani huelekeza kwenye ringi. Moshi mweusi si wa oili, ni wa petroli iliyozidi. Na moshi mweupe mzito usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni habari nyingine kabisa. Hapo fundi aitazame gasketi ya silinda hedi.

Kabla ya kununua lolote, mwambie fundi akikague kile kivalvu cha kupumulia. Kukisafisha au kukibadilisha ni kazi ndogo kuliko kazi zote tulizozitaja.

PIMA KABLA YA KUCHAGUA

Watu wengi husema, "Gari langu linakula oili sana," lakini ukiwauliza kiasi gani, hawajui. Fanyeni hivi. Simamisheni gari mahali tambarare, zimeni injini, ngojeni dakika 10 ili oili ishuke. Chomoeni kijiti, kifuteni, kirudisheni, kisha kichomoeni tena na kusoma. Jazeni mpaka alama ya juu, msipite, kwa maana oili ikizidi hupigwapigwa na mtaimbo wa injini ikawa povu, na povu halilainishi kitu. Andikeni kilomita. Zikipita kilomita 1,000, pimeni mlichoongeza ili kurudi pale pale. Mkikuta kijiti kimefika alama ya chini kabla ya hapo, ongezeni mara moja, na kuandika.

Vitabu vya watengenezaji kadhaa, Toyota miongoni mwao, huandika kikomo cha lita 1 kwa kilomita 1,000. Mwenye gari asilichukue neno hili kuwa ruhusa ya kulala. Tuseme mwalimu wa Mbagala huendesha kilomita 40 kwa siku, siku 6 za juma; kwa mwezi ni karibu kilomita 1,000. Gari lake ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ishikayo lita 3.7 za oili. Ikiwa injini hiyo inakula lita 1 kila mwezi, naye amezoea kungoja kilomita 5,000 za kubadilisha bila kufungua boneti, oili yote ingekwisha kabla ya mwezi wa nne kutimia. Wala injini haingojei tone la mwisho. Hufa mapema zaidi. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba vile vile hukimaliza kibaba.

Tena msiitegemee taa nyekundu yenye picha ya birika. Taa ile haipimi wingi wa oili, hupima mkandamizo wake. Ikiwaka njiani, mara nyingi oili imekwisha kupungua mno. Egesheni na kuzima hapo hapo, hata kama mmefika karibu na nyumbani. Mwendo wa dakika chache uliobaki watosha kuifanya injini inoki, kama mafundi wasemavyo, na injini iliyonoki hula akiba ya nyumba nzima.

MAANDISHI YALIYO JUU YA KOPO

Juu ya kopo huandikwa mfano wa 5W-30, 10W-40 au 20W-50. Hesabu hizi zilitoka kwa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilichoanzishwa mwaka 1905. Hesabu ya kwanza, yenye herufi W, ni habari ya baridi: oili ya 5W hupimwa katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Dar es Salaam haijapata kuona baridi hata ya kugandisha maji. Basi hesabu ya pili ndiyo itupasayo kuitazama zaidi, maana huonyesha uzito wa oili injini ikiwa moto, ikipimwa kwa nyuzi 100. Ya 40 ni nzito kuliko ya 30, na ya 50 ni nzito zaidi.

Herufi nyingine ni za API, chama cha mafuta cha Marekani cha tangu mwaka 1919. S ni ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Herufi ifuatayo huonyesha kizazi cha oili: SL ilikuja mwaka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na SQ 2025. Kizazi kipya huweza kutumika mahali pa kile cha zamani, lakini cha zamani hakifai mahali pa kipya. Kopo lenye SF, kwa mfano, ni la injini zilizotengenezwa mpaka mwaka 1988. Oili ya namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo, nayo haina dawa za kutosha za kuzuia masizi. Gari la mwaka 2005 likinyweshwa, ringi zake zitagandamana upesi. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi.

IPI BASI TUICHAGUE?

Gari likila chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000, kaeni katika uzito ulioandikwa na mtengenezaji, muwe na lita moja ya akiba ndani ya gari, na kubadilisha kwa wakati. Hakuna haja ya hofu.

Likila baina ya nusu lita na lita moja, pandeni ngazi moja tu. Lililokuwa likitumia 0W-20 litumie 5W-30. Lililokuwa likitumia 5W-30 litumie 10W-40, maadamu kitabu cha gari hakikatazi. Oili nzito kidogo hupita kwa shida palipolegea, hivyo huungua kidogo. Zipo pia oili zilizotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyokwenda sana, yaani kupita kilomita 120,000 hivi. Valvoline ndio waliotangulia kuiuza ya namna hiyo, mwaka 2000. Ndani yake hutiwa dawa ya kuulainisha mpira wa sili uliokauka. Ikiwa shida yenu ni sili, yaweza kusaidia; ikiwa ni ringi zilizolika, msitarajie makubwa.

Msiruke kutoka 5W-30 mpaka 20W-50 kwa sababu tu muuzaji amesema nchi yetu ni ya joto. Injini nyingi za Toyota za tangu miaka ya 2000 zina mtambo uitwao VVT-i, uendeshwao na oili ipitayo katika vijia vyembamba. Oili nzito mno huchelewa kufika asubuhi, na dakika zile za kwanza ndizo zilazo chuma. Petroli nayo huzidi kutumika.

Na bei je? Oili ya sinthetiki hugeuka mvuke kidogo kuliko ile ya kawaida na kuiweka injini safi, nayo ni njema kwa gari ambalo ulaji wake ndio unaanza. Lakini gari limalizalo lita kila mwezi huichoma oili ya bei kubwa kama lichomavyo ya bei ya kati. Kwa gari hilo chagueni ya bei ya kati, yenye uzito ufaao na herufi za API zisizopitwa na wakati.

Likizidi lita moja kwa kilomita 1,000, fedha ya makopo ipelekwe kwa fundi. Zidisheni lita za mwezi kwa 12, linganisheni na gharama ya sili au ringi, mtaona wenyewe. Tena oili iunguayo huchafua plagi na kuharibu masega yaliyo katika bomba la moshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

HADHARI TATU

Kwanza, jihadharini na oili ya bandia. Makopo matupu hukusanywa, yakajazwa oili iliyochujwa, yakauzwa kama mapya. Nunueni katika duka linalojulikana, tazameni lakiri ya kifuniko, ombeni risiti. Nanyi mkimaliza kopo, litoboeni kabla ya kulitupa, lisije likamdanganya jirani.

Pili, dawa ya moshi mara nyingi huifanya oili kuwa nzito tu. Moshi hupungua, ugonjwa hubaki, na mficha maradhi kifo humuumbua. Amwagiaye dawa hiyo siku ya kuuza gari huku akimwambia mnunuzi kwamba injini ni nzima, amemwibia mwenziwe. Huenda aliyeibiwa ni mjane aliyetaka gari lile liwalishe watoto wake.

Tatu, oili chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Temeke huelekea Mto Kizinga, na ya Kinondoni huelekea Msimbazi na baharini. Iwekeni katika dumu, mkamrudishie fundi.

Mwisho, twawashauri mweke daftari dogo ndani ya gari, na mtu mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kupima oili kila Jumamosi asubuhi, kabla injini haijawashwa. Aandike tarehe, kilomita, na kiasi kilichoongezwa. Kijana wa miaka 12 aweza kuifanya kazi hii vizuri. Na siku mtakapokwenda kwa fundi, mfungulieni daftari hilo kwanza, kabla hajaifungua injini.