Tumbawe Lina Karatasi?

Munyaka iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa Eldoret hadi Mombasa ni karibu kilomita 800. Kwa hiyo ndiyo, naelewa mkicheka nikisema nataka kufuga matumbawe. Lakini nina tangi la lita 200 sebuleni, maji baridi, na wanaofuga samaki wanajua: huwezi kukaa na maji baridi miaka mingi bila kuanza kutamani maji chumvi. Unapiga hesabu ya chumvi, taa na pampu. Unajiuliza stima ikipotea usiku utafanyaje. Halafu, kabla hujanunua hata kikombe cha chumvi, unakutana na sheria.

Matumbawe magumu yote yako kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Orodha ya Pili haisemi usiuze. Inasema nchi yanakotoka itoe kibali kwanza, na iwe imeridhika kwamba biashara hiyo haiwamalizi viumbe wenyewe. Hapa kwetu vibali hivyo ni kazi ya KWS.

Wafugaji wengi wa ng'ambo hulia kwamba sheria za aina hii zinawaua wao badala ya kuokoa bahari. Mwaka 2014 Marekani iliorodhesha aina 20 za matumbawe kuwa ziko hatarini, na moja yao, Euphyllia paradivisa, ilikuwa kwenye matangi ya watu sebuleni. Hofu ikazagaa, ati serikali itakuja kubeba tangi. Haikuja. Kuorodheshwa huko peke yake hakukumzuia mtu kufuga. Kilio chao sikinunui, hasa kwa sababu tuna kesi yetu.

Mwaka 2025 vijana wawili Wabelgiji walinaswa kaunti ya Nakuru na malkia wa sisimizi 5,000 ndani ya mirija yenye pamba. Walijitetea kwamba ilikuwa burudani tu. Mahakama iliwatoza shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi 12 jela. Watu mtandaoni walicheka: sisimizi? Mimi sikucheka. Malkia mmoja ni kichuguu kizima ambacho hakitazaliwa. Na "burudani tu" ni maneno ambayo mfugaji mwaminifu anayasema, na mwizi pia anayasema.

Basi ugomvi wangu uko wapi? Uko hapa: serikali yetu inajua kukataza, na inajua kuuza nje. Samaki wa mapambo wa Pwani wamekuwa wakipanda ndege kwa miongo kadhaa, wakaishie kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Lakini Mkenya wa kawaida anayetaka kufuga kiumbe wa bahari yake mwenyewe kwa njia halali haonyeshwi mlango. Anaonyeshwa geti.

Na si kwamba hatujui kufanya tofauti. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo kule Gede umewasaidia wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa wao nje. Msitu ukawa na faida ukiwa umesimama. Tumbawe ni rahisi kuliko kipepeo kwa jambo moja: ukikata kipande na kukitunza, kinakua kuwa koloni jipya. Wanakijiji wa Wasini tayari wanapandikiza vipande hivyo kufufua miamba yao. Kwani ni dhambi gani kipande kimoja kati ya mia kikiuzwa na kijiji, kikiwa na namba yake na picha yake?

Najua jibu: watu watavunja matumbawe ya mwamba na kusema ni ya kufuga. Ni kweli, wapo watakaofanya hivyo. Indonesia ilifunga uuzaji wa matumbawe nje mwaka 2018, kisha ikafungua tena 2020. Ukaguzi ni kazi ngumu, lakini ni kazi. Kufunga geti na kwenda nyumbani si kazi.

Wakati huo huo, mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na hakuna aliyepelekwa mahakamani. Joto lilipopiga Florida mwaka 2023, wataalamu walitoa matumbawe baharini wakayakimbiza kwenye matangi nchi kavu ili yasife. Matangi, jamani. Siku joto hilo likirudi Shimoni, nani huku kwetu atajua kuyaweka hai ndani ya kioo? Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku mbili hotelini. Unapatikana kwa mtu anayepima chumvi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Mimi kibali nitasubiri, hata mwaka. Nikikipata, tumbawe nitanunua Wasini, kwa bei watakayoipanga Wasini wenyewe. Betri ya kuendesha pampu stima ikipotea nimeshaanza kuichangia.