Kibali cha digrii kifike na Kilwa



Natoa maoni kuhusu digrii zinazosomwa kwa intaneti.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilaya ya Kilwa. Kusomea mbali si jambo geni. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, maelfu ya walimu wa UPE walifundishwa kwa posta na redio huku wakishika chaki. Wanaosema digrii ya namna hii ni ya bandia wanakosea. La kuuliza ni kama Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) imeitambua. Mwenzangu hakuuliza, alilipa ada chuo kimoja cha nje, cheti kikakataliwa. Fedha zake za korosho za misimu miwili zikaenda hivyo.

Lakini TCU nayo, inapopima maombi ya chuo, isiishie kwenye mitaala na wahadhiri. Iulize mtihani utafanyikia wapi. Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004, nami kupata mtandao hupanda kilima nyuma ya shule! Chuo kikionyesha chumba cha mtihani Kilwa Masoko, na masomo ya kuhifadhi kwenye simu, kipewe kibali. Kisichoweza kisubiri.

Mwalimu,
Kilwa.