Moteri ikikimbia yenyewe, usiiwashe tena mbele ya kujua sababu



Siku hizi jamaa nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zinaweka feza pamoja kwa kununua mashini ya kuchimba, ile mafundi wanaita pele. Nyingi ni za okazio: zimefanya kazi miaka katika inchi ingine, kisha zinafika kwetu kwa njia ya Kasumbalesa. Muuzaji anaiwasha, moteri inalia vizuri, rangi inangaa, kila mutu anafurahi. Lakini kuna ugonjwa mumoja ambao rangi haiuonyeshi: moteri kupita mbio yake. Tuongee juu ya ugonjwa huo, sababu unaweza kumaliza mali ya jamaa kwa dakika moja, na unaweza kuua mutu.

Pele ya tani karibu 20, moteri yake kwa kawaida inafanya kazi kati ya mizunguko 1800 na 2200 kwa dakika. Mupaka wake umeandikwa katika kitabu cha mashini. Ikitoka 2000 ikafika 3000, mbio imeongezeka nusu tu, lakini nguvu inayovuta pistoni na biela inapita mara mbili. Ndiyo sababu biela inakatika, inatoboa moteri, na vipande vinaruka sawa risasi.

Juu ya nini inakimbia? Moteri ya mazutu haina buji. Inavuta hewa, inaikandamiza mpaka inakuwa moto sana, na mazutu ikirushwa ndani inawaka. Hewa haina kizuizi. Kipimo cha mazutu ndicho kinaongoza mbio, na mwenye kupima anaitwa regilatere. Basi, fundi anapashwa kujiuliza ulizo moja: moteri hii inapata wapi chakula cha kupita kiasi? Mbele ya kufungua hata buloni moja, fuata njia hizi tatu.

Ya kwanza: hakikisha kama inakimbia kweli. Kapteri inayohesabu mizunguko iko karibu na gurudumu zito la moteri. Ikiwa na uchafu, ao waya yake imekwaruzika, taa ya hatari inaweza kuwaka bure. Sikiliza sauti, kisha pima kwa kipimo cha mukono. Kama kipimo na konteri havipatane, tengeneza kapteri na waya kwanza. Usiuze pompi ya mutu kwa kosa la waya.

Ya pili: mazutu yenyewe. Angalia kabo ao ile moteri ndogo ya umeme inayovuta mukono wa pompi ya enjeksio: inarudi chini bila kukwama? Mazutu yenye maji inaleta kutu ndani ya pompi, na fimbo inayopima mazutu inashikwa mahali pa wazi. Tena, tazama skurubu ya mbio ya mwisho. Kiwandani inafungwa kwa waya na muhuri wa risasi. Kama muhuri umekatwa, mutu alizungusha skurubu kusudi mashini dhaifu ionekane na nguvu. Uliza nani, na juu ya nini. Kwa mashini zenye kompyuta, omba fundi asome makosa yaliyoandikwa ndani. Lakini jua kwamba makosa hayo yanaweza kufutwa mbele ya kuuza.

Ya tatu ndiyo mbaya kupita zote: moteri inakunywa mafuta ingine. Umekata kontakti, umefunga mazutu, na yenyewe inazidi kupanda, moshi mweupe ao wa bluu unafunika kiwanja. Hapo inakula mafuta yake ya moteri. Yanapita wapi? Mara nyingi kwa turbo iliyochakaa, ao turbo ambayo bomba lake la kurudisha mafuta limeziba. Filtri ya hewa ikiziba, inasaidia turbo kuvuta mafuta. Segma zikiisha, mvuke wa mafuta unapita kwa bomba la kupumulia. Na kiasi cha mafuta kikipita alama, shaka iongezeke: toa fimbo ya kupimia, nusa. Harufu ya mazutu inaonyesha kwamba mazutu inaingia katika kikarteri. Kwa mashini zingine, pompi ndogo ya hidroliki ikichakaa inaingiza mafuta yake mule mule.

Hata hewa yenyewe inaweza kuwa chakula. Tarehe 23 ya mwezi wa tatu 2005, katika kiwanda cha kusafisha petroli cha Texas City, Marekani, mvuke wa petroli ulifikia gari la mazutu lililokuwa linawaka. Moteri yake ilivuta mvuke, ikapanda mbio, na wachunguzi waliona kwamba inaelekea pale ndipo moto ulianzia. Watu 15 walikufa. Kwa hiyo usiwashe moteri mahali penye mvuke wa esanse, na usirushe dawa ya kuwashia bila kipimo.

Sasa, ikikimbia, ufanye nini? Kata kontakti, funga mazutu. Kama haisimami, dawa ni kuinyima hewa. Mashini zingine ziko na kifuniko cha kuziba hewa, kivute. Kama haina, na kama unaweza kufika bila kupita kando ya moteri, ziba mudomo wa hewa kwa ubao mugumu na mupana. Usitie mukono. Usitie kitambaa, kitamezwa. Usimwage maji. Kizima-moto cha gazi karboniki kinaweza kusaidia kikirushwa katika mudomo wa hewa. Lakini sauti ikipanda sana, acha yote, kimbia, na ufukuze watoto wanaokuja kutazama. Pele inanunuliwa tena, mutoto hapana.

Ikisimama, kishawishi ni kuiwasha tena «kwa kuona». Hapana! Mafuta yamebaki katika bomba za hewa na katika radiatere ya hewa ya turbo, na moteri itayakunywa tena. Toa bomba zile, uzikaushe. Zungusha moteri kwa mukono mizunguko miwili kamili: ikikwama, pengine valvu imegonga pistoni. Kisha tafuta sababu katika zile njia tatu.

Na ninyi wazee mwenye kununua: mukienda kuona mashini, ombeni iwe baridi. Mbele ya kuwasha, pimeni na kunusa mafuta, ondoeni bomba la hewa la turbo, tazameni muhuri wa pompi. Kisha muwashe, mupandishe polepole, mupime mbio ya juu, muilinganishe na kitabu. Kazi hii yote haipiti nusu siku. Muuzaji akikataa, amewajibu tayari; rudini nyumbani na feza yenu.