Nani kasema chipu ya zamani imezeeka?

Jamani, kuna tabia inanikera kwa ndugu zangu wanaosoma uhandisi wa elektroniki. Waulize wanafanyia mazoezi chipu gani ya FPGA: mmoja anaona haya kwa kuwa yake ni Spartan-6 ya mwaka 2009, mwingine anatamba na Artix-7. Kama vile wanalinganisha simu!

(Kwa asiyeijua: FPGA hutoka kiwandani ikiwa haina kazi maalumu. Unaandika saketi unayoitaka, nayo inajipanga kuwa saketi hiyo. Kesho unaifuta unaandika nyingine.)

Haya, tulinganishe. Spartan-6 ndogo, LX9, ina vijedwali vya mantiki 5,720. Artix-7 35T inavyo 20,800, ni ya nanomita 28 badala ya 45, na ina kasi zaidi. Mpya imeshinda, sikatai. Lakini unajenga nini? Zoezi linalopendwa ni taa za kuongozea magari, tuseme pale Mwenge. Saa ya chipu ikipiga mara milioni 50 kwa sekunde, unahitaji kihesabio cha biti 26 kupata sekunde moja, halafu hatua chache za nyekundu, njano na kijani. Vijedwali mia havifiki. Hiyo LX9 unayoionea haya itabaki tupu kwa zaidi ya asilimia 98.

Basi tununue za mitumba? Hapana! Spartan-6 inategemea programu ya ISE, ambayo toleo lake la mwisho, 14.7, lilitoka Oktoba 2013. Vivado iliyoirithi haiitambui kabisa Spartan-6. Kwa Windows 10 waliifungia ISE ndani ya kompyuta ya kuigiza, tena kwa Spartan-6 peke yake. Spartan-3 ya 2003 ikaachwa solemba. Mwanafunzi anamaliza wiki akipigana na programu, saketi hajaigusa. Huo ndio uzee, wala hauhusiani na nanomita.

Na Artix-7? Vivado yake ni ya bure, ila ina makumi ya gigabaiti. Piga hesabu ya bando mwenyewe.

Mvuvi wa Bagamoyo anayetafuta mashine ya boti hababaishwi na mwaka wa kutengenezwa. Anauliza kama spea zinapatikana na fundi yupo. Ndiyo maana Yamaha za kuchanganya petroli na oili bado zinasukuma boti pwani yetu.

Kwa kipimo hicho mimi ningenunua iCE40 ya Lattice. Si mpya, ni ya nanomita 40, na HX8K ina vijedwali 7,680. Lakini mwaka 2015 mradi wa IceStorm ulikuwa umeshafumbua siri za ndani za chipu hiyo, na leo Yosys na nextpnr ni programu huria zinazoendelea kuboreshwa. Zote ni mamia ya megabaiti tu: zinaingia kwenye flashi, darasa zima linagawana. Anayechakata picha za kamera aende Artix-7, maana HX8K haina hata vizidishi vya ndani.

Wewe mkuu wa idara unayeandaa oda ya maabara, kabla ya bei uliza programu ya chipu ina ukubwa gani na mara ya mwisho ilitolewa lini. Na ukiletewa msaada wa boksi la bodi za Spartan-3, waombe walete na kompyuta za Windows XP.